Sarabanda Iliyochapishwa Kabla ya Kuchezwa

Kosa la kwanza lilikuwa la Daktari Alphonsine Ngoy mwenyewe. Alimsimulia habari mwandishi wa gazeti huku mwandishi huyo amelala chali kwenye kiti cha kung'olea meno, kinywa wazi, ganzi imemshika hadi sikioni, hawezi kuuliza swali hata moja. Mwandishi asiyeuliza ni hatari kuliko anayeuliza. Anayeuliza angalau utamsahihisha.

Ilikuwa Alhamisi, kwenye kliniki yake karibu na kituo cha metro cha Porte de Namur, katika Matonge, mtaa wa Waafrika jijini Brussels. Mgonjwa alikuwa Didas, mzaliwa wa Bukoba, mwenye gazeti liitwalo Mbiu ya Matonge. Tusitie chumvi, ni karatasi moja iliyokunjwa katikati na kuchapwa pande zote. Lakini Kiswahili chake ni safi, na mtaa mzima hakuna saluni wala duka la samaki wakavu lisilokuwa na nakala kaunta. Didas alikuwa amelibembeleza lile jino bovu miezi na miezi, na siku hiyo Alphonsine alikata shauri kuling'oa. Ili kumsahaulisha maumivu, akamweleza jambo lililokuwa limemjaa moyoni tangu asubuhi: Jumamosi alasiri, mbele ya watu, yeye ndiye atakayefungua dansi.

Hapa lazima nieleze. Alphonsine, mwanamke wa Likasi kule Kongo, mwenye miaka arobaini na kitu na mikono isiyotetemeka, alikuwa kwa miaka mingi mwanachama wa kikundi cha watu wanaocheza dansi za makasri ya wafalme wa Ulaya, zile za karne tatu nne zilizopita: menueti, gavoti, sarabanda. Walikutana Molenbeek, kwenye ukumbi wa mazoezi nyuma ya duka la mazulia. Mkuu wao alikuwa Anne-Marie, Mbelgiji mwenye shingo ndefu anayeamini kabisa kwamba dunia iliharibika siku watu walipoacha kuinama vizuri. Ukimwuliza Alphonsine anatafuta nini huko, atakukata jicho kwanza, kisha atakujibu kwamba dansi zile ni nzuri, na kama wewe huoni uzuri wake ni shauri yako.

Sarabanda ndiyo iliyokuwa roho yake. Alikuwa amesoma kwamba zamani ilikuwa ngoma ya mitaani, ya kelele na viuno, hadi wakuu wa Uhispania wakaipiga marufuku. Na wapo wasomi wanaoshuku kwamba chimbuko lake lina mkono wa watu weusi waliovushwa bahari. Baadaye makasri yakaichukua, yakaipunguza mwendo, yakaivisha hariri, ikawa dansi ya kifalme kupita zote. Kila alipoicheza, Alphonsine alihisi kwamba chini ya upole ule kuna kitu kimefungwa na kinataka kutoka.

Ila miaka yote hiyo waliompanga walimpanga pembeni. Alibeba mishumaa. Alishika mkia wa gauni la mwenzake. Mwaka mmoja wakamvisha kilemba chenye manyoya wakampa sinia la matunda, awe mtumishi mweusi wa malkia, eti kwa sababu picha za kale zinaonyesha hivyo. Akacheka pamoja nao. Akarudi nyumbani kwake Berchem-Sainte-Agathe, akaketi jikoni na kilemba mkononi, akalia kilio cha hasira.

Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Katika jumba la zamani karibu na Sablon kulikuwa na maonyesho ya magazeti ya kwanza ya Ulaya, na siku ya kufunga wangecheza upya dansi ya harusi moja ya kifahari ya Brussels, jinsi gazeti moja la wakati huo lilivyoieleza. Katika dansi za namna hiyo hawajai uwanjani kama tunavyojaa sisi. Wanacheza wawili tu, mwanamume na mwanamke, huku baraza zima limekaa linawatazama hadi wamalize, na wawili wa kwanza ndio wakubwa wa shughuli. Anne-Marie alikuwa amemteua Alphonsine awe bibi harusi, afungue kwa sarabanda, akishikwa mkono na Evans, Mkenya mwenye miguu mirefu, fundi wa ndege kwenye uwanja wa Zaventem.

"Donc, Jumamosi, Didas," Alphonsine alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo, akiwa ameshika koleo. "Bantu bote watakaa, batanyamaza, na mi njo wa kwanza. Unasikia?"

"Aaah," alisema Didas.

Alphonsine akaihesabu hiyo kuwa pongezi, akavuta jino.

Kosa la pili lilikuwa la Didas, na hilo alikuwa akilifanya kila wiki bila haya. Mchapaji wake alifanya kazi yake Ijumaa tu, na gazeti liligawiwa Jumapili. Kwa hiyo kila Ijumaa Didas aliketi akaandika mambo ya Jumamosi kama mtu aliyekuwapo: bwana harusi alipendeza, wageni walikula wakashiba, timu ya Watanzania ilipambana kiume. Nani amewahi kusikia bwana harusi asiyependeza? Hajawahi kuumbuliwa hata mara moja, na mtu asiyewahi kuumbuliwa huanza kujiona nabii.

Basi Ijumaa hiyo, shavu limevimba kama andazi, akaandika kuhusu dansi ya Sablon, akaichapisha, akafunga furushi kwa kamba na kuliacha kwenye saluni ya Maman Mbombo kama kawaida, na agizo lile lile: lisifunguliwe hadi Jumapili.

Ijumaa hiyo hiyo jioni simu ya Alphonsine ililia. Alikuwa Anne-Marie, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya vigae vilivyovunjika. Alisema kwamba Gérald, msimamizi wa maonyesho, amelisoma tena lile gazeti la kale. Gazeti linasema bibi harusi aliyefungua sarabanda alikuwa mweupe kama maziwa. Na maonyesho yote ni juu ya uaminifu kwa maandishi. Unaelewa, Alphonsine, aliendelea. Si mimi, ni waraka. Mimi mwenyewe nitacheza nafasi hiyo, ili tusimsumbue mtu mwingine. Wewe utashika taa pale mlangoni, ni nafasi nzuri sana, kila anayeingia atakuona.

"D'accord," alisema Alphonsine.

Neno hilo moja la kusema sawa lilimkera usiku kucha kuliko yote aliyoambiwa. Angeweza kumsamehe Anne-Marie, angeweza hata kumsamehe Gérald, lakini hakuweza kuisamehe ile d'accord yake, ilivyotoka haraka, kwa adabu, kama mtoto anayepokea sinia.

Asubuhi alipanda metro kwenda kliniki. Gauni lilikuwa limetundikwa kule, la kijani, zito kama pazia la kanisa, na alitaka kulirudisha kwa Anne-Marie kisha aende zake nyumbani. Taa angeshika mwingine. Alitoka kituoni Porte de Namur akiwa ameinamisha uso, na kabla hajavuka barabara mwanamume mmoja aliyekuwa akipakua magunia ya unga wa muhogo akamwinulia mkono.

"Docteur! Félicitations!"

Akaitikia tu hizo pongezi, akadhani ni mgonjwa wa zamani anayefurahia meno yake. Hatua chache mbele, wasichana wawili wakampisha njia, mmoja akainama mbele yake hadi chini kwa madaha, wote wakacheka na kupiga makofi. Alphonsine akajitazama nguo. Mlangoni pa saluni, Maman Mbombo, mwanamke mnene wa sauti, alikuwa amesimama na kitana mkononi na Mbiu ya Matonge kwapani.

"Alphonsine! We munamuke wa mubaya! Unacheza vile, bantu bote wanasimama, na mi rafiki yako hauniambie?"

"Maman Mbombo, mi sijacheza kitu."

"Sijacheza, sijacheza! Na hii ni nini? Njo hii hapa, mu gazeti!"

Hilo lilikuwa kosa la tatu, na la mwisho kuhesabiwa. Mteja mmoja aliyekaa chini ya kikaushio cha nywele alitaka kitu cha kusoma, Maman Mbombo akaona kamba ya Didas haina maana yoyote, akaikata kwa mkasi. Kufikia saa nne asubuhi mtaa mzima ulikuwa umesoma.

Alphonsine akasoma amesimama pale pale kwenye ngazi. "Jana Jumamosi," gazeti lilisema, "binti wa Likasi, Daktari Alphonsine Ngoy, alitia fora jijini Brussels. Akiwa amevaa gauni la dhahabu, alifungua dansi ya kifalme mbele ya mabalozi na waheshimiwa. Hakukosea hatua hata moja. Ukumbi ulizizima. Alipomaliza, watu wote walisimama, wakubwa kwa wadogo, na wapo waliotokwa na machozi."

Damu ikampanda kichwani. Akampigia Didas simu hapo hapo, na haikupita muda Didas akawa mbele yake, anahema, shavu bado limevimba.

"Didas! Ni nini hii? Jana Jumamosi? Leo njo Jumamosi! Na mimi wamenitoa! Jana mangaribi wamenitoa, minashika taa ku mlango! Alors, kesho bantu bote batanicheka juu yako!"

Didas akaangalia gazeti, akamwangalia Maman Mbombo, akaiangalia kamba iliyokatwa chini. 

"Wamekutoa? Kwa sababu gani, Daktari?"

Akamweleza. Alieleza kwa sauti ya chini, lakini saluni ilikuwa imenyamaza na vikaushio vimezimwa, kwa hiyo kila mtu alisikia: maziwa, waraka, taa.

"Nisamehe, dada," Didas alisema. "Nitaomba radhi toleo lijalo. Ukurasa wa kwanza kabisa."

Alphonsine aliinamia tena ile karatasi. Alisoma mara ya pili, na jambo la ajabu lilikuwa likitokea ndani yake. Hasira ilikuwepo, lakini nyuma yake kulikuwa na tamaa kubwa, tamaa tupu isiyo na adabu. Aliyataka yale maneno. Alitaka ukumbi uzizime. Alitaka asimamiwe na wakubwa kwa wadogo. Miaka yote alijidanganya kwamba anapenda dansi tu na nafasi si kitu, na sasa karatasi ya Didas ilikuwa imemvua huo uongo mchana kweupe.

Maman Mbombo naye alikuwa akifikiri, na mtu akimwona akifikiri ni vizuri akae kando.

"Ngoja," alisema. "Gazeti inasema jana Jumamosi. Leo njo Jumamosi. Bon. Donc iko leo. Haijapita! Saa ngapi?"

"Saa tisa," alijibu Alphonsine bila kufikiri.

"Kuingia ni bure?"

"Bure."

Maman Mbombo akawageukia wateja. "Mumesikia? Tunaenda. Weye kichwa yako tutamaliza kesho, jifunge kitambaa."

Alphonsine akatoa macho. "Maman Mbombo, minakuambia wamenitoa!"

"Hiyo ni kazi yako na bale bantu. Sisi tumesoma kama unacheza. Tunakuja kuona."

Angeweza kurudi nyumbani hata hapo. Lakini mtu hawezi kukimbia sifa zake mwenyewe zilizochapwa nakala mia kadhaa. Zitamsubiri kila mlangoni. Aliingia kliniki, akachukua lile gauni, akalikunja kwenye mkono, akamshika Didas kwa mkono mwingine.

"Twende," alisema. "Na hiyo gazeti yako, beba."

Walipoingia kwenye lile jumba karibu na Sablon, Gérald alikuwa katika chumba cha maonyesho, anawaeleza wageni kadhaa. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani na shingo iliyofungwa skafu, na ukweli ni kwamba alikuwa mzungumzaji mzuri. Alieleza kwamba kabla ya magazeti ya kuchapwa kulikuwa na barua za habari zilizoandikwa kwa mkono na kuuzwa kwa wafalme na wafanyabiashara. Kwamba neno gazeti lenyewe linatokana na jina la sarafu ndogo ya Venisi. Kisha akafika kwenye kabati la kioo lenye karatasi moja ya rangi ya chai, ndiyo ile ya dansi ya harusi, na akachangamka zaidi.

"Na hapa kuna uhondo," alisema kwa Kifaransa. "Tazameni tarehe. Dansi ilikuwa Jumapili usiku, lakini gazeti ni la Jumamosi! Wachapaji wa wakati ule hawakupenda kusubiri. Walichukua ratiba kutoka ikulu, wakaandika sherehe nzima kana kwamba imekwisha. Nani alicheza, nani alilia, yote. Wakati bibi harusi anaanza kuvaa, watu mtaani walishamaliza kusoma alivyopendeza."

Wageni wakacheka. Didas hakucheka. Alilisogelea lile kabati akaitazama karatasi kwa macho ya mtu aliyekutana na babu yake.

Alphonsine alikuwa amesimama nyuma ya wageni, gauni mkononi, na zile tarehe mbili zikamkaa kichwani. Wataalamu wana mtindo huu: wanalijua jambo moja vizuri, wanalijua la pili vizuri, lakini wameyaweka kwenye droo mbili na hawajawahi kuzifungua pamoja.

"Bwana Gérald," alisema.

Wote wakageuka. Anne-Marie, aliyekuwa ameketi kwenye kona akifunga viatu vyake vya dansi, akasimama.

"Huyo mwandishi," Alphonsine aliendelea, naye kwa Kifaransa, pole pole kama anayemwonyesha mgonjwa picha ya jino lake, "aliandika siku moja kabla ya dansi?"

"Ndiyo, bila shaka yoyote."

"Alikuwa amemwona bibi harusi?"

Gérald akafungua kinywa. Alphonsine ameona vinywa vingi vikifunguka, na alitambua mara moja kwamba hiki hakina kitu ndani.

"Huenda… huenda hakumwona," Gérald alisema.

"Basi alijuaje kwamba ni mweupe kama maziwa?"

 Mgeni mmoja akakohoa. Alphonsine akaichukua Mbiu ya Matonge kutoka kwa Didas na kuiweka juu ya kioo, sambamba na ile karatasi ya kale.

"Na mimi nina gazeti. La mji huu huu. Limechapwa jana. Linasema leo nimefungua dansi kwa sarabanda na watu wote wakasimama. Wewe unasema mnafuata maandishi. Chagua basi gazeti la kufuata, maana yote mawili yametoka kabla ya dansi, ila hili la kwangu mwandishi wake ananijua kwa sura." Sauti yake ilianza kutetemeka, akaiacha itetemeke. "Miaka yote nimeshika mishumaa yenu. Nimebeba sinia lenu. Jana niliambiwa nishike taa nikasema sawa, na nimejichukia tangu jana. Leo sisemi sawa. Nataka kucheza. Naijua dansi hii kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba hii, na ninaitaka."

Gérald alivua miwani, akaipangusa kwa skafu. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Nimeandika hilo kwa mkono wangu," alisema, akionyesha maelezo yaliyobandikwa ukutani. "Nimeandika mwenyewe kwamba gazeti hili halikushuhudia chochote. Halafu nikalitumia kumtoa mtu." Akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Daktari, nimekosa."

Lakini mwenye neno la mwisho alikuwa Anne-Marie, na Alphonsine alimgeukia yeye. Anne-Marie alikuwa ameshavaa. Gauni lake lilikuwa la fedha, nywele zake zimepandishwa juu kwa vibanio, na ilionekana wazi kwamba naye aliitaka ile sarabanda, aliitaka vibaya sana, pengine maisha yake yote.  Kisha akainama, akafungua kile kiatu alichokuwa amekifunga nusu.

"Gérald aliponipigia simu kwamba utolewe, nilikubali haraka mno," alisema. "Nilikuwa nimeisubiri. Nenda ukavae."

Saa tisa ilipogonga ukumbi ulikuwa umejaa, na haukuwa umejaa watu waliotarajiwa. Mbele walikaa wazee wa Brussels wenye vijitabu vya ratiba. Nyuma yao, na pembeni, na kwenye ngazi, alikuwepo Maman Mbombo na saluni yake yote, mmoja wao nusu kichwa kimesukwa na nusu hakijasukwa, pamoja na yule wa magunia ya muhogo, na kwaya ya parokia iliyokuwa ikipita ikielekea mazoezini, na vijana wa Kitanzania waliotaka kuona kama kweli kuna mabalozi. Mlangoni, akiwa na gauni lake la fedha na kiatu cha kawaida, Anne-Marie alikuwa ameshika taa.

Fidla zikaanza na Alphonsine akatokea.

Aliinama kwanza kwa baraza, kisha kwa Evans, na Evans akamrudishia heshima. Sarabanda huenda kwa mapigo matatu, na uzito wake wote uko kwenye pigo la pili, hapo mchezaji anapopanda juu ya vidole na kukaa, kana kwamba amesahau kushuka. Hawa wa mbele walijua kunyamaza. Wale wa nyuma walinyamaza kwa mshangao tu, maana hawakutegemea kwamba yule aliyewang'oa meno anaweza kuelea.

Katikati ya dansi, amepanda juu ya mguu mmoja, alihisi pindo la gauni limenaswa chini ya kisigino. Akishuka, ataanguka. Akivuta, litachanika. Gauni la dhahabu la Didas lisingemnasa mtu, lakini hili la kijani lilikuwa la kweli. Akabaki juu. Pigo la tatu likapita. Wapiga fidla wakamwona hajashuka, wakanyanyua pinde zao wakasubiri.

"Pumua, Daktari," Evans alinong'ona bila kusogeza midomo. "Take your time. Wanakungoja wewe."

Na ni kweli, walikuwa wakimngoja. Nyumba nzima ilikuwa imeshika pumzi kwa sababu ya mguu wake mmoja. Alphonsine akatafuta hofu ndani yake asiione. Aliona fahari, nyingi, na hakuikatalia. Akaachia kiuno. Taratibu, bila fidla, alijizungusha juu ya ncha ya ule mguu, kiuno kikiongoza na mabega yakifuata, jambo ambalo Anne-Marie hajawahi kulifundisha na asingelifundisha hata kwa mtutu wa bunduki, na pindo likajizongoa, likajitoa, likamwagika chini kama maji. Ndipo aliposhuka, na fidla zikashuka naye.

"Yuuuyuyuyuyu!"

Alikuwa Maman Mbombo. Kigelegele kilipasua ukumbi, mzee mmoja wa mbele akaangusha ratiba, na kabla hajaiokota kwaya ya parokia ikaitikia, saluni ikaitikia. Wapiga fidla wakatazamana, wakacheka, wakakaza mwendo. Alphonsine alicheza sehemu iliyobaki katikati ya vigelegele, na hakuwahi kuwa sahihi kiasi kile. Kila hatua ilikaa pale pale inapopaswa kukaa. Alikuwa akitabasamu, kitu kilichokatazwa kabisa kwenye kikundi, na mlangoni Anne-Marie alikuwa akijaribu kupiga makofi huku ameshika taa, uso umelowa machozi.

Alipoinama mara ya mwisho walisimama. Wa nyuma walikuwa wamesimama tayari, hiyo haihesabiki. Walisimama wa mbele, wazee wenye magongo, mmoja akimshika mwenzake bega ili ainuke. Alphonsine aliwatazama wote, mmoja mmoja, bila haraka. Hakushusha macho.

Kuna desturi moja ya dansi hizo ambayo watu wa Matonge hawakuijua. Mwanamke aliyefungua haendi kukaa. Huvuka ukumbi peke yake, mbele ya wote, akamwinamia mwanamume anayemtaka yeye, na huyo hana ruhusa ya kukataa, hata awe duke. Gérald alikuwa amejiweka sawa skafu. Evans alirudi nyuma hatua moja kama inavyotakiwa. Fidla zikaanza menueti, na Alphonsine akakata ukumbi, gauni likimfuata, akawapita wazee, akampita Gérald, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ambapo Didas alikuwa amejibanza, daftari mkononi, shavu limevimba, akiandika kwa kasi kama mtu anayelipa deni.

Akamwinamia hadi chini.

Didas akatazama nyuma yake, labda kuna mwingine. Kulikuwa na nguzo tu.

"Mimi naandika tu, dada," alisema. "Sijui hata hatua moja. Kweli kabisa."

"Minajua hujui. Weka karatasi chini."

"Daktari, tafadhali. Watanicheka."

"Batakucheka," alisema Alphonsine kwa upole, akanyoosha mkono. "Kuya."

Maman Mbombo akamnyang'anya daftari na kalamu akamsukuma mgongoni. Didas akajikuta katikati ya ukumbi uliojaa watu, mkono wake ndani ya mkono wa daktari wake, viatu vyake vya mvua vikilia juu ya mbao. Alikwenda kushoto palipotakiwa kulia. Alimwinamia mzee wa watu aliyekaa zake. Alikanyaga gauni, akaomba radhi, akalikanyaga tena. Watu walivunjika mbavu, na katikati ya kicheko kile yeye naye akaanza kucheka, kwa upande mmoja wa uso ambao haukuvimba, na miguu yake ikaanza kufuata. Evans alikuwa ameshainamiwa na yule wa nusu kichwa. Kwaya ilikuwa inashuka ngazi. Wazee wawili wa mbele walikuwa wakimwonyesha yule wa muhogo namna ya kupanda juu ya vidole.

"Bwana!" Gérald alimwita Didas kutoka ukingoni, akipaza sauti juu ya fidla, macho yanameta. "Kesho utaandikaje?"

Didas aligeuka, jasho linamtiririka, pumzi zimemwishia, mtu ambaye kila wiki alijua Jumamosi yote tangu Ijumaa.

"Sijui!" alipiga kelele. "Bado haijaisha!"

Na Alphonsine akamvuta tena katikati.